Viza ya Masomo Hulindwa na Nyumba Nzima

Mhadhara kwa wazazi, walimu na wanafunzi, Mombasa

  Ukumbi ukijaa namna hii kwa ajili ya elimu, mwalimu hupata nguvu ya kusema.

Nimeombwa nizungumzie viza ya masomo ya ng'ambo. Ng'ambo ni pana na kila nchi ina sheria zake. Nikizigusa zote, mtaondoka na maneno ya juujuu. Nimechagua Uingereza, kwa sababu wengi ninaowashauri huomba kwenda huko, na kwa sababu sheria zake zimebadilika mara nyingi tangu mfumo wa sasa uanze Oktoba 2020. Viwango vya fedha nitakavyovitaja ni vya mwisho wa mwaka 2025. Hupandishwa mara kwa mara, kwa hiyo kila mwombaji avihakiki kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza siku anapoanza kujaza fomu.

Lengo langu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba viza ya masomo, ingawa hutolewa kwa jina la mtu mmoja, hupatikana na kudumu kwa mwenendo wa familia nzima. Fedha za kuombea ni za familia. Karatasi nyingi ziko kabatini kwa wazazi. Na simu inayomsukuma kijana avunje masharti, aghalabu hupigwa kutoka nyumbani, tena kwa nia njema. Tukimwachia mzigo huu peke yake, tunamwonea. Nina hoja tano.

Hoja ya kwanza: viza hii ina pande tatu

Tumezoea kusema "ubalozi umempa viza" au "ubalozi umemnyima", kana kwamba mambo ni baina ya kijana na afisa mmoja. Kwa Uingereza pande ni tatu: serikali kupitia Wizara yake ya Mambo ya Ndani, chuo chenye leseni ya kudhamini wanafunzi wa kigeni, na mwanafunzi mwenyewe.

Maombi hupimwa kwa pointi 70. Pointi 50 hutokana na uthibitisho wa udahili unaotolewa na chuo, ambao wanafunzi wanauita CAS. Pointi 10 ni za fedha, na 10 zilizobaki ni za Kiingereza. Kwa hesabu hiyo, sehemu kubwa ya viza huanzia chuoni. CAS ni namba, na namba hiyo hutumika ndani ya miezi 6. Aliye nje ya Uingereza haruhusiwi kuomba mapema zaidi ya miezi 6 kabla ya masomo kuanza, na kwa kawaida jibu huchukua kama wiki 3.

Chuo nacho kina mengi ya kupoteza. Mwanafunzi asipofika kujisajili, au akiacha masomo, chuo kinapaswa kuiarifu serikali ndani ya siku 10 za kazi. Kikizembea, kinaweza kupokonywa leseni. Agosti 2012 chuo kikuu cha London Metropolitan kilifutiwa leseni, na wanafunzi zaidi ya 2,000 wa kigeni wakawa hawajui hatima yao. Mahakama iliwaruhusu waliokuwa wakiendelea wamalize mwaka ule, na chuo kikarejeshewa leseni mwaka uliofuata. Lakini vyuo vyote vilipata somo.

Basi kijana, ukiulizwa na chuo chako mbona hukuonekana darasani, usidhani unachunguzwa kwa chuki. Chuo kinalinda leseni yake, na ndani ya leseni hiyo mna viza yako na za wenzako wote. Na mzazi, kabla hujalipa hata shilingi moja ya karo, tazama orodha ya vyuo vyenye leseni. Serikali ya Uingereza huichapisha wazi, na kuitazama hakulipishwi.

Hoja ya pili: fedha lazima zitulie, tena kwa mtu anayetambuliwa na sheria

Hapa nitakawia, kwa sababu ndipo ninapoona machozi mengi. Andikeni namba hizi.

Mwombaji anapaswa kuonyesha pauni 1,529 kwa kila mwezi kama atasoma London, au pauni 1,171 akisoma nje ya London, kwa miezi isiyozidi 9. Kwa London hiyo ni pauni 13,761. Kwa kwingineko ni pauni 10,539. Juu yake iongezwe karo ya mwaka wa kwanza ambayo bado haijalipwa. Fedha hizo zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kupungua chini ya kiwango hata siku moja, na siku ya mwisho ya hizo 28 iwe ndani ya siku 31 kabla ya kutuma maombi.

Sasa tazameni jinsi sisi tunavyochanga. Tunaitisha harambee. Ami ana chake, mjomba ana chake, chama cha akina mama kina chake, na kaka aliyeko Dubai anatuma mwishoni mwa mwezi. Fedha zinaingia kidogokidogo, na baadhi zinabaki kwenye akaunti ya ami kwa sababu ndiye anayeaminika zaidi katika ukoo. Siku ya kuomba, familia inatoa taarifa ya benki ya ami, na maombi yanakataliwa. Sheria inatambua akaunti ya mwanafunzi mwenyewe, ya mzazi wake, au ya mlezi wa kisheria. Ami, hata kama ndiye aliyemlea kijana tangu akiwa mdogo, hahesabiwi kuwa mzazi mpaka awe na hati ya ulezi inayotambulika kisheria.

Nawaona wazee wanatazamana. Najua inauma, maana kwetu ami ni baba. Lakini fomu haiulizi upendo, inauliza hati. Tiba yake ni nyepesi ikifanywa mapema. Harambee imalizike angalau miezi miwili kabla ya kuomba. Michango yote iingie kwenye akaunti moja, ya kijana au ya mzazi. Ikiwa ni ya mzazi, iambatanishwe na cheti cha kuzaliwa cha kijana kinachoonyesha jina la mzazi huyo, pamoja na barua ya mzazi ya kukubali fedha zitumike. Kisha akaunti hiyo iachwe. Hata msiba ukitokea, tafuteni pengine.

Tena, msiweke kiasi kinachotosha tu. Shilingi zetu hubadilishwa kuwa pauni kwa kiwango cha siku ya kutuma maombi. Shilingi ikishuka asubuhi ile, fedha zilizotosha jana zinapungua bila mtu kuzigusa. Wekeni ziada.

Kuna watu wanaokodisha fedha: wanakujazia akaunti kwa siku 28, unawalipa faida, wanachukua chao. Nawasihi mjiepushe nao. Afisa anaweza kuuliza fedha kubwa namna hiyo imetoka wapi ghafla, na hamtakuwa na jibu la kweli. Hata akipita, kijana atatua Uingereza mwezi wa Septemba, baridi ikianza, akiwa hana kodi ya nyumba, kwa sababu fedha zilizoandikwa kwenye karatasi hazikuwa zake. Kiwango hiki kiliwekwa ili mwanafunzi aweze kula na kulala. Tukikidanganya, anayelala njaa ni mtoto wetu.

Gharama nyingine nazitaja kwa ufupi. Kuanzia Aprili 2025 ada ya maombi ilikuwa pauni 524. Ada ya huduma ya afya ni pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, na hulipwa yote kabla ya kusafiri. Anayekwenda kusoma shahada ya uzamili ya mwaka mmoja kwa kawaida hulipa pauni 1,164, maana viza yake hupita mwaka kwa miezi kadhaa. Maombi yakikataliwa, ada ya afya hurudishwa. Ada ya maombi hairudi. Mwenye ufadhili kamili, kwa mfano ule wa Jumuiya ya Madola ulioasisiwa mwaka 1959, hutumia barua ya mfadhili badala ya taarifa ya benki. Kwa hiyo, walimu, tuwahimize watoto waombe ufadhili mwaka mzima kabla, wasisubiri matokeo yatoke.

Hoja ya tatu: karatasi zote ziseme ukweli mmoja

Fomu ya Uingereza inauliza kama umewahi kunyimwa viza na nchi yoyote. Aliyenyimwa na Marekani au Kanada aseme hivyo, na aeleze sababu. Kunyimwa kwa awali hakumzuii mtu. Kunakomzuia ni kuficha. Anayegundulika ametumia udanganyifu katika maombi anaweza kufungiwa miaka 10. Kijana wa miaka 20 atakuwa na 30 mlango utakapofunguliwa.

Udanganyifu wa wengine nao huunguza wasio na hatia. Februari 2014 kipindi cha Panorama cha BBC kilionyesha wizi wa mitihani katika vituo fulani vya kupimia Kiingereza huko Uingereza. Serikali ilichukua hatua dhidi ya viza zaidi ya 30,000. Miongoni mwa waliofutiwa walikuwamo watu walioufanya mtihani wao kwa haki, na baadhi yao walihangaika mahakamani miaka mingi kabla ya kusafisha majina yao. Nalisema hili ili anayeshawishiwa kununua mtihani au cheti ajue kwamba anawachimbia shimo pia majirani zake watakaoomba baada yake.

Upande wetu wa Pwani tuna tatizo dogo linalozaa shaka kubwa, nalo ni majina. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mohamed, cheti cha KCSE kinasema Muhammad, kitambulisho kina majina matatu na pasipoti ina mawili. Hakuna aliyekusudia uongo, lakini afisa aliyeko mbali anaona watu wawili. Kusahihisha jina huchukua muda, kwa hiyo wazazi wa kidato cha tatu na cha nne, toeni vyeti vyote wiki hii, mvilaze mezani, mlinganishe herufi kwa herufi. Na kwa kuwa Kenya imo katika nchi ambazo wanaokwenda kukaa zaidi ya miezi 6 hupimwa kifua kikuu, kipimo kifanywe katika kliniki iliyoidhinishwa pekee. Cheti chake hudumu miezi 6.

Afisa anaweza pia kumhoji kijana. Atauliza kwa nini kozi hii, kwa nini chuo hiki, nani analipa, utaishi wapi. Maswali haya ni mepesi kwa aliyechagua mwenyewe, na ni magumu kwa aliyechaguliwa na ajenti. Ajenti wengi hulipwa kamisheni na vyuo kwa kila mwanafunzi wanayempeleka. Kazi hiyo ni halali, lakini mzazi ajue ajenti ananufaika wapi, na kijana asome mwenyewe orodha ya masomo yake kabla ya kuyatetea mbele ya mtu mwingine.

Hoja ya nne: saa 20 hazitoshi kutuma fedha nyumbani

Kijana amefika, picha yake akiwa kwenye theluji imezunguka simu zote za ukoo, na sisi tumeshusha pumzi. Kumbe kazi ya kuitunza viza ndiyo imeanza.

Mwanafunzi wa shahada anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Anayesoma ngazi iliyo chini ya shahada, saa 10. Wiki huhesabiwa Jumatatu hadi Jumapili, na wastani hautazamwi: ukifanya saa 12 wiki hii na 28 wiki ijayo, umevunja sheria, ingawa jumla ni 40. Wakati wa likizo anaruhusiwa kufanya kazi kutwa. Lakini, wa uzamili, sikilizeni: miezi ya kiangazi ambayo wenzenu wa shahada ya kwanza wako likizoni, nyinyi kwa kawaida mnaandika tasnifu, na kipindi hicho kinahesabiwa kuwa masomo. Wengi wameteleza hapo bila kujua.

Biashara ya kujiajiri nayo hairuhusiwi. Ile kazi ya kusambaza chakula kwa baiskeli inayopatikana kwenye simu mara nyingi ni ya kujiajiri, na kwa hivyo mwanafunzi hapaswi kuigusa, wala kwa akaunti ya rafiki. Kila saa ya kazi halali huingia kwenye kumbukumbu za mishahara na kodi. Asidhani mtu kwamba saa zake hazionekani.

Tufanye hesabu pamoja. Kuanzia Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara kwa aliyefikisha miaka 21 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Mara 20, ni pauni 244.20 kwa wiki, sawa na kama pauni 1,058 kwa mwezi kabla ya makato. Na serikali ileile inasema maisha nje ya London yanahitaji pauni 1,171 kwa mwezi. Maana yake ni kwamba mwanafunzi aliyepata kazi, asiyekosa hata zamu moja, na anayetii sheria, kwa viwango hivyo bado anapungukiwa na zaidi ya pauni 100 kila mwezi. Kwa kijana wa miaka 18 hadi 20 ilikuwa vigumu zaidi, kwa kuwa kima chake kilikuwa pauni 10 kwa saa.

Wazazi wangu, nawaomba mliweke moyoni jambo hili kuliko yote niliyosema leo. Mkimpigia simu mkamwambia, "Mbona mwenzako katuma, wewe hutumi kitu?" au "Mdogo wako kafukuzwa shule kwa karo," mnamwomba fedha ambayo hana njia halali ya kuipata. Atakayeitika, ataitikia kwa saa za ziada zinazolipwa mkononi, na siku ikijulikana atapoteza viza, na karo yote mliyochanga itakuwa imepotea pamoja nayo. Yule mwenzake aliyetuma, hamjui ametuma kutoka wapi. Mfikirieni mtoto wenu kama shamba lililopandwa mwaka huu: mkivuna mabua mabichi, msimu hautawapa nafaka.

Hoja ya tano: likitokea la kutokea, lisemwe mapema

Wanafunzi hufeli, huugua, hufiwa, huishiwa na fedha. Hakuna kati ya hayo linalolazimu viza ipotee siku ileile. Kinachoipoteza haraka ni kunyamaza. Aliyeugua akizungumza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni anaweza kuruhusiwa kupumzika, na kumbukumbu zake zikaonyesha kwamba alikuwa na idhini. Aliyejifungia chumbani wiki baada ya wiki huonekana kuwa ameacha masomo. Chuo kikiondoa udhamini, viza hukatizwa, na kwa kawaida mwanafunzi hupewa siku 60 za kutafuta chuo kingine au kuondoka.

Nimewauliza vijana walionyamaza, mbona hawakusema. Jibu lao hufanana: waliona haya kuwaambia wazazi waliouza kiwanja. Basi kabla hajaondoka, mwambieni kwa sauti kwamba kufeli somo si mwisho wake nyumbani kwenu. Ushauri upo. Shirika la UKCISA hutoa maelezo kwa wanafunzi wa kigeni bure, na washauri wa uhamiaji huko ni lazima wawe wamesajiliwa na mamlaka husika au wawe mawakili. Asimsikilize kila anayejiita mjuzi msikitini, kanisani au kwenye kundi la WhatsApp.

Mambo matatu ya mwisho katika hoja hii. Kwanza, walio na ndoa wajue kwamba tangu Januari 2024 wengi hawaruhusiwi kwenda na mke, mume au watoto, isipokuwa wanaosoma udaktari wa falsafa au shahada za juu za utafiti, na wanaofadhiliwa na serikali. Mipango ya nyumba ifanywe kwa kulijua hilo. Pili, viza sasa ni ya kielektroniki. Ukibadilisha pasipoti au anwani, rekebisha akaunti yako ya uhamiaji kabla hujasafiri. Tatu, viza ya kubaki kufanya kazi baada ya kuhitimu huombwa ukiwa bado Uingereza, kabla viza ya masomo haijaisha. Leo wasio wa udaktari wa falsafa hupewa miaka 2. Watakaoomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027 watapewa miezi 18. Anayeomba udahili sasa apange kwa miezi 18.

Tunakokwenda

Ndugu zangu, nimalizie kwa yale tunayoweza kuyafanya hapahapa, bila kusubiri mtu kutoka Nairobi wala London.

Kila shule ya upili katika kaunti hii iwe na mwalimu mmoja anayezifahamu sheria hizi na kuzihakiki kila muhula, ili mtoto wa fundi na mtoto wa mvuvi wapate habari sawa na mtoto wa mwenye ajenti. Waliosoma ng'ambo wakarudi, na wapo humu ukumbini, watoe Jumamosi moja kwa mwezi wawahoji waombaji kama afisa atakavyowahoji. Na kila familia inayompeleka mtoto ikae kikao, iandike mapatano: nani atalipa karo ya mwaka wa pili, nani ataangalia wadogo zake, na kwamba hataombwa fedha mpaka ahitimu. Mapatano hayo yawekwe pamoja na vyeti.

Vijana wa mtaala mpya walioingia Gredi ya 10 mwaka huu wa 2026 watamaliza mwaka 2028. Vyuo vya nje vitakuwa bado vinajifunza kuvisoma vyeti vyao, sheria zitakuwa zimebadilika tena, na pauni huenda isiwe ilivyo leo. Tuna miaka miwili na ushei ya kujiandaa nao. Mwenyekiti ameniambia kuna daftari mlangoni: mwalimu aliye tayari kuwa mlezi wa shule yake katika jambo hili aandike jina lake kabla hajatoka, na mkutano wetu wa kwanza tuupangie tarehe usiku huu.

 Sasa naomba maswali, tuanze na vijana.